Makoti Meupe ya Machinjioni

Kama umeambiwa kwa mara ya tatu au ya nne kwamba una malaria na taifodi, na umemeza dawa zote ukamaliza, na bado kila jioni mwili unawaka na kila asubuhi shuka limelowa jasho, basi haya nimekuandikia wewe. Sina elimu ya udaktari. Mimi ni fundi wa cherehani, nina kibanda Dagoretti, hatua chache kutoka sokoni, na yaliyonipata yalinila karibu mwaka mzima, kuanzia mvua ndefu za 2005 hadi watoto walipofunga shule mwezi wa Disemba. Nimepona. Lakini nikikumbuka jinsi nilivyozungushwa napandwa na hasira hadi leo, kwa hiyo usitarajie niandike kwa upole.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana ugonjwa ulitoka humo humo. Nashona sare za shule, nguo za harusi mara mojamoja, na mwaka mzima narekebisha makoti meupe ya wanaume wa machinjioni. Mchinjaji huvaa koti refu linalofika magotini, na kwa kuwa kazi yake ni kuvuta, kubeba na kuinama, koti hilo hupasuka kwapani na mifukoni kila baada ya wiki chache. Waliniletea makoti hayo yakiwa yamefuliwa, au tuseme yamepitishwa majini. Ukigeuza mshono wa ndani unakuta pamekauka pakawa pagumu, rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa nakwangua kwa ukucha, napuliza vumbi lake, naendelea na kazi.

Na fundi hana mikono mitatu. Pini tatu nne huwa nimezibana kwa midomo huku nakunja pindo. Ncha ya uzi nailowesha kwa ulimi ili ipite kwenye tundu la sindano, na mshono ukiisha uzi naung'ata, kwa sababu mkasi daima uko chini ya kitambaa kingine. Ndivyo nilivyofunzwa na mama aliyenipa kazi hii, na ndivyo nilivyowafunza wasichana waliopita kwangu. Aliyekuwa akiutafuta mkasi kila dakika nilimwona mvivu, na nilimwambia hivyo.

Mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha bila kupumzika, baridi iliniingia mgongoni ikakataa kutoka. Nilidhani ni hali ya hewa. Kisha maumivu ya kichwa, kisha homa za jioni, kisha uchovu ambao sikuwa naujua, wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Mume wangu, Baba Njeri, ni tarishi katika ofisi moja mjini, mtu wa kutembea siku nzima na bahasha, na yeye alirudi nyumbani akanikuta nimelalia cherehani mchana kweupe. Akanipeleka kwenye kliniki ya mtaani, ile ya mlango mmoja kati ya duka la vifaa na kinyozi. Walinitoa damu, tukasubiri kwenye benchi, na baada ya muda usiozidi wa kunywa chai kijana wa maabara akatoka na karatasi.

"Uko na malaria kiasi, na taifodi," akasema.

"Malaria ya wapi?" nikamuuliza. "Sijatoka Nairobi tangu Krismasi, na mbu sijaona."

"Mama, damu ndio inasema."

Nikameza. Nikapata nafuu siku tano, na siku ya sita homa ikarudi pale pale ilipoachia. Mwezi wa Juni nikaenda kliniki ya pili, nikaambiwa ile taifodi haikuisha, imejificha. Nikachomwa sindano, nikameza tena. Julai, ile Julai yetu ya mawingu ambayo jua halionekani wiki nzima, nikaambiwa na watu wa tatu kwamba sasa ni taifodi sugu. Kila mahali walikuwa na jina la ugonjwa tayari kabla sijaketi. Walikuwa na swali la kazi pia, lazima niwe mkweli. Waliuliza, "Unafanya kazi gani?" nikajibu, "Fundi wa nguo," wakaandika neno moja kwenye daftari langu wakaendelea. Wawili waliniuliza kama nafuga ng'ombe au mbuzi. Nikasema sifugi. Kama nakunywa maziwa mabichi. Nikasema sinywi. Nilijibu kila swali kwa ukweli, na ukweli wenyewe ukanipotezea miezi mitano.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Kufikia mwisho wa Julai nyonga ya kushoto ilikuwa imekaza hivi kwamba nilikanyaga kwa mguu mmoja, na baada ya koti moja nililazimika kulala chali sakafuni. Nywele zilikatika kwenye kitana. Nilikonda. Nilijipunguzia sketi ile ile mara tatu, mshono juu ya mshono, na mara ya tatu nilipojipima kiuno kwa futi yangu ya kazi niliikunja nikaiweka droo ya chini kabisa, nisiione.

Wewe uliyeishi Nairobi miaka ile unajua watu walifikiria nini mwanamke akikonda. Hawakulitaja jina. Walisema "ile kitu." Wateja wangu wawili wa miaka mingi walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, mmoja akidai kwamba ameghairi, mwingine hakujisumbua hata kudanganya. Jirani aliyekuwa akiazima sufuria yangu kila Jumapili alinunua yake. Na mwanzoni mwa Agosti akaja mama mkwe wangu kutoka Wangige, na mkoba mkubwa.

Nimweleze kidogo, maana si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mama mkwe wangu alilea watoto wa watu miaka kumi na minane katika nyumba moja ya matajiri huko Kitisuru, yenye ua wa miti na mbwa wawili. Katika nyumba ile alikuwa na kikombe chake cha bati na sahani yake ya bati, na viliwekwa chini ya sinki, mbali na vyombo vya wenyewe. Alitusimulia hayo mara nyingi na kila mara alimalizia kwa kufyonza. Basi siku ile alipofika kwangu alipika chai, akamimina yangu kwenye kikombe cha kijani, na tulipomaliza akakiosha peke yake kwa maji ya moto, akakifunika kwa mfuko wa plastiki, akakisukuma chini ya meza. Sahani ikafuata, na kijiko. Mkono wake ulifanya kazi hiyo kwa ufasaha wa mtu aliyeona ikifanywa kila siku kwa miaka kumi na minane.

Nilitamani kukitupa kikombe kile nje. Sikuwa na nguvu za kusimama.

Baada ya chai alianza kukunja nguo za Njeri, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba.

"Wairimu, huyu mtoto nitakaa na yeye kidogo," akasema. "Shule iko hata kwetu."

"Kwa nini, Mama?"

"Wewe pumzika kwanza."

"Mimi sijasema nimechoka na mtoto wangu."

"Hata mimi sijasema." Aliendelea kukunja. "Lakini siwezi kujiacha hapa."

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba. Mama mkwe wangu anaitwa Njeri, kwa hiyo binti yangu kwake si mjukuu tu, ni yeye mwenyewe amezaliwa upya, na akimzungumzia hata kwa utani husema "mimi." Kumkatalia ilikuwa kumkatalia asijiokoe. Nikamtazama Baba Njeri anisaidie. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mabega ya mtoto, anaangalia viatu vyake.

"Ni ya muda tu, Mama Njeri," akasema.

Walipoondoka mtoto alitaka kunikumbatia. Bibi yake, shosho kama anavyomwita, akamshika mkono akamwambia gari litawaacha.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukijua siku ile, na ambacho nikikifikiria naona giza. Tunaishi chumba cha nyuma ya kibanda. Njeri alikuwa akitoka shule anakuja moja kwa moja dukani, na mahali pake pa kufanyia kazi ya shule palikuwa juu ya rundo la makoti ya machinjioni, maana palikuwa laini. Alilala hapo pia, shavu juu ya makoti, hadi nilipomaliza kazi. Watu wazima watatu tulikuwa tunakihangaikia kikombe, na rundo lile hakuna aliyelitupia jicho.

Katikati ya Agosti nilimwambia mume wangu kwamba tutaenda VCT kupimwa virusi vya UKIMWI, sote wawili, mjini ambako hakuna anayetujua, na kwamba nimechoka kuchukuliwa kuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na mahali pake pa kazi. Nilipumzika kwenye kila ngazi. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa, mmoja akitikisika wote mnatikisika, na televisheni iliyozimwa sauti ikionyesha watu wakipika keki. Hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu nami alinipa nusu ya chungwa lake bila kuniuliza naumwa nini, akala nusu yake kwa mikono ile ile. Sikujua jina lake. Nilitaka kulia kwa ajili ya chungwa.

Hatukuwa nao. Mimi sina, yeye hana. Mshauri alituonyesha vipimo, akatuambia maneno mazuri, akatushika mikono. Tulipofika barabarani, kati ya wachuuzi wa soksi na miavuli, Baba Njeri alisimama.

"Basi ni nini?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa upole. Aliuliza kama vile nimemficha. Nikamwambia hata mimi nimechoka kuubeba bila kuujua, na tukatembea hadi stendi tukiwa tumeachana hatua kumi. Jioni alimpigia mama yake simu. Nilisikia sauti yake yote kutoka upande wa pili: kwamba hizo mashine hukosea, kwamba turudie baada ya miezi mitatu, kwamba mtoto ameshazoea.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeniandaa nayo. Nilifikiri nikipata karatasi ya kusema sina, nitarudishiwa mtoto wangu. Kumbe kwa watu ugonjwa usiojulikana unatisha kuliko unaojulikana. Ningekuwa nao wangejua pa kunipeleka.

Septemba nilienda kituo cha afya cha serikali kwa sababu sikuwa na pengine. Pale unafika mapema unapanga foleni na daftari lako mkononi, na foleni inasogea kwa kuhama matako kutoka benchi hadi benchi. Nilikuwa benchi la nne tangu asubuhi. Sweta langu lilikuwa limefumuka mkononi, na kwa kuwa siwezi kukaa bure nilitoa sindano niliyokuwa nimeichomeka kwenye ukosi, nikaanza kulishona pale pale. Nilipomaliza nikang'ata uzi. Nikainua macho, nikakuta mwanamke wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba amesimama mlangoni na rundo la madaftari, ananitazama. Ndiye aliyekuwa akiona wagonjwa siku hiyo.

Zamu yangu ilipofika hakuanza na homa.

"Wewe ni fundi?"

"Ndio, daktari."

"Unashona nini?"

"Kila kitu. Uniform, mashati, makoti."

"Makoti ya baridi?"

"Hapana. Za watu wa kichinjio. Za kazi."

Aliweka kalamu chini.

"Zinakuja zimefuliwa?"

"Zinakuja vile zinakuja."

"Na unang'ata uzi hivyo tu, vile umefanya hapo nje?"

"Sasa ningekata na nini?"

"Kuna mtu ashawahi kukuuliza hii maneno yote?"

"Waliniuliza kama nafuga. Nikasema sifugi."

Alifungua daftari langu, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Nilijua anachokiona. Fundi, fundi, fundi. Kisha akaandika kipimo ambacho sikuwahi kupimwa, na kwa kuwa pale hawakuwa nacho, akanielekeza maabara iliyoko mjini. Siku tatu baadaye nilirudi na karatasi. Ilikuwa brusela.

Alinieleza kwa maneno machache na mimi nitakueleza kwa machache zaidi. Ni ugonjwa wa wanyama. Unakaa kwenye damu na uchafu wa mnyama mgonjwa, na damu hiyo ikikauka kwenye nguo, wadudu wake hawafi siku hiyo hiyo. Huingia mdomoni, machoni, na pale ulipojidunga. Nikaangalia vidole vyangu. Hakuna fundi asiyejidunga.

Wengi huniambia lazima nilifurahi kupata jibu. Sikufurahi. Nililia kwa hasira mbele ya yule mama hadi akafunga mlango. Miezi mitano nilikuwa nimekunywa dawa za magonjwa ya watu wengine. Nilikuwa nimepoteza mtoto, wateja na nyonga kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya kuuliza swali la pili. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiulizwa kazi yako usijibu kwa neno moja kama nilivyojibu mimi. Sema unashika nini, kimetoka wapi, na huwa unakiweka wapi. Wakikunja uso endelea kusema.

Matibabu yalikuwa vidonge wiki sita, asubuhi na jioni, na juu yake sindano kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Muuguzi alikuwa akibadilisha upande, leo kulia kesho kushoto, na baada ya wiki moja sikuwa na upande wa kukalia. Nilishona nikiwa nimesimama, kwa mkono. Vidonge vilichoma tumbo na kuifanya ngozi yangu iogope jua. Oktoba ile, mijakaranda imemwaga maua yake kila mahali mjini, mimi nilipita chini yake na mwavuli mweusi na pua inayobambuka. Lakini katika wiki ya tatu niliamka nikapapasa shuka, nikalikuta kavu. Nililipapasa tena. Baba Njeri aliyekuwa amelala kwenye kochi tangu Julai aliniuliza nimepoteza nini.

"Jasho," nikamwambia.

Aliinuka akaja akaligusa shuka kwa kiganja, pande zote, kama mtu anayenunua kitambaa. Jioni ile akarudisha mto wake kitandani. Hakuomba msamaha na sikumdai, ila alianza kuchemsha maji ya kunikanda nyonga kila siku akitoka kazini, na soksi zake zilizolowa mvua akiwa bado nazo miguuni. Niliipokea rehema hiyo ndogo. Nilikuwa bado nina hasira naye.

Wa machinjioni walikuwa kesi nyingine. Aliyekuwa akikusanya makoti na kuniletea anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mcheshi, mabega kama mlango. Nilimwambia makoti sasa nitapokea yaliyochemshwa tu.

"Kuchemsha kama viazi?" akacheka. "Mama Njeri, hii damu tunalala nayo na tunaamka nayo. Na hatujakufa."

"Na mgongo yako?"

Akaacha kucheka. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwona akijifunga mkanda mpana kiunoni na kukaa chini kwa awamu.

"Hiyo ni ya kubeba," akasema.

"Na jasho ya asubuhi ni ya kubeba?"

"Nani amekuambia kuhusu jasho?"

Nilimpa jina la kipimo kwenye kipande cha karatasi. Alikikunja akakitia mfukoni, akaondoka bila utani. Baada ya wiki mbili alirudi kunionyesha pakiti ya vidonge, vile vile vyangu, akiwa na haya kama mtu aliyekamatwa. Lakini wenzake walisema nimejifanya daktari, wakapeleka makoti yao kwa msichana aliyefungua kibanda ng'ambo ya barabara. Nilimwona kutoka kwangu, kichwa kimeinama, uzi kati ya meno. Nilivuka kwenda kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Auntie, kama ni wivu ya kazi, sema tu." Nilirudi kwangu. Nilivuka tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, na namshukuru Mungu kwamba mara ya nne alinunua mkasi mdogo akauning'iniza shingoni, ingawa nadhani alifanya hivyo ili nimwache.

Novemba, mvua fupi zikiwa zimeanza, tulienda Wangige na karatasi zote mbili, ile ya VCT na ile ya brusela, na pakiti tupu za dawa ndani ya bahasha ya ofisini. Njeri alikuwa shuleni. Mama mkwe alivaa miwani akazisoma pole pole.

"Na hii inapona?" akauliza.

"Nimepona, Mama."

"Mimi sijaona ugonjwa ya kukonda ikipona."

"Mtoto anafaa kupimwa pia," nikasema. "Alikuwa analala juu ya hayo makoti."

Hapo akaudhika. "Mtoto yuko sawa tangu nimtoe kwako."

"Hukumtoa kwangu. Ulimtoa kwa makoti. Hukujua, na mimi sikujua."

Baba Njeri, ambaye sijawahi kumsikia akimpinga mama yake, akaweka kikombe chake cha chai mezani.

"Mami," akasema, "si ni wewe ulikuwa unatuambia vile ulikuwa unalia juu ya kile kikombe ya Kitisuru?"

Mama mkwe alivua miwani. Aliifuta kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akainuka, akaenda nje kuangalia kuni zisilowe. Aliporudi alisema mtoto amalize mtihani kwanza, kisha nije nimchukue shule zikifungwa. Hakuniambia pole. Lakini siku mbili baadaye yeye mwenyewe alimpeleka Njeri kupimwa, akamshika mkono wakati wa sindano, na siku ya majibu, mtoto akiwa shuleni, tulipoambiwa kwamba ni mzima, alikaa kwenye benchi la kliniki na kulia kwa sauti mbele ya watu wote. Nilikaa kando yake. Hakuna kilichonifundisha zaidi jinsi alivyokuwa ameogopa, na bado sikuweza kuinua mkono nimguse.

Shule zilifungwa. Makoti nilikuwa nimeyaondoa yote, nimesugua meza na sakafu kwa maji ya moto na dawa, nimenunua mkasi wa pili na wa tatu. Nilimshonea Njeri gauni la njano. Nilianza kunenepa, nikaifumua ile mishono ya sketi mmoja baada ya mwingine. Niliposikia sauti yake nje ya kibanda niliacha cherehani ikizunguka.

Alikuwa amerefuka. Amepoteza meno mawili ya mbele na sikuwepo. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akaniamkia kwa adabu kama mtoto wa jirani, na nilipopiga magoti nikafungua mikono akaja. Alikuja moja kwa moja, bila kusita, akaweka mikono yake shingoni mwangu. Nikamkumbatia. Ndipo nikahisi kwamba kifua chake hakisogei. Nikadhani ameumia mahali. Nikamshika mabega nikamwangalia, na uso wake ulikuwa umeanza kuiva, macho yamemtoka.

"Njeri, mbona hupumui?"

Alirudi nyuma hatua mbili, akahema.

"Shosho alinifunza," akasema. "Nikiwa karibu na wewe nisivute hewa."

Nikamwambia dawa zimeisha. Nikamwambia nimepona, daktari amesema, baba amesema, hata shosho anajua. Nikamwambia nilichougua hakikuwa kwenye hewa yangu wala kwenye kikombe changu, kilikuwa kwenye nguo za watu, na nguo hizo hazipo tena. Alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu na alitaka kunifurahisha. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, akavuta hewa ya huko hadi kifua kikajaa, akanirudia midomo ikiwa imefungwa, tayari kukumbatiwa.